Sinia ya Mwaka wa Pili

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ijumaa, watu wametoka kusali, chumba cha dahalia, bweni letu la chuo, kimejaa vijana, sinia kubwa chini inafuka moshi, na mimi nimesimama pale na uongo mdomoni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia mwaka wa pili chuoni. Lakini tusianzie kwenye sinia. Mtu akianza hadithi kwa kula, wasikilizaji wake huondoka wakaenda jikoni.

Juzi uliniambia kwenye simu, Thuraya, kwamba kuna wasichana chuoni kwenu wana jamaa yao, wanasoma pamoja, wanasaidiana, wanatembeleana, na wamekuita uingie kwao ukirudi kuanza mwaka wa pili. Ukasema unaona haya. Wao wameshazoeana tangu wiki ya mwanzo, na wewe utakuwa kiraka kipya kwenye nguo ya zamani. Nilicheka, ukadhani nakucheka wewe. Hasha. Nilikuwa najicheka mimi, ami yako Nassor, wa miaka ile ambayo nywele zilikuwa nyeusi zote na akili bado mbichi.

Sisi tulikuja Maskati kutoka Unguja nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nyumbani kwetu Azaiba ilikuwa Kiswahili asubuhi, Kiswahili mchana, na Bibi akigomba, Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni. Skuli nilijifunza Kiarabu nikakijua kukisoma na kukiandika. Kukisema ndiyo ilikuwa kazi. Sasa wewe unajua, Kiswahili chetu hakimtengi mwanamume na mwanamke. Yeye ni yeye. Kiarabu hakikuachii hivyo. Basi wiki ya kwanza chuoni, mbele ya darasa zima, nikasimama kumuuliza mwalimu wetu suala, mzee mzima mwenye ndevu mpaka kifuani, nikamwambia maneno anayoambiwa mwanamke. Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alitabasamu tu, akanijibu kwa upole. Lakini mimi masikio yaliwaka moto, nikakaa chini, na siku ile nikaufunga mdomo wangu kama mtu anavyofunga duka.

Niliufunga mwaka mzima. Nikila, nakula peke yangu. Nikisalimiwa, naitikia kwa kichwa. Nikiulizwa mimi wa wapi, nasema Maskati, ndani ya mji wa zamani, kama vile babu zangu walizaliwa nyuma ya zile kuta. Unguja sikuitaja. Nilijiona mwerevu sana, kumbe nilikuwa najichimbia shimo na huku nalipima urefu. Nikaja nikaugua homa siku nne, nimelala chumbani nakunywa maji ya bomba. Siku ya tano nikatoka, na kijana wa chumba cha pili akaniuliza kama nilikuwa nimesafiri. Hakuuliza kwa ubaya. Hakujua. Nani angejua?

Mwaka wa pili nikapangiwa chumba kimoja na Khalfan, kijana wa mji wa Sur, msemaji, anayecheka mpaka usingizini. Yeye ndiye aliyekuwa katika jamaa ya vijana kumi na mmoja waliojiita kwa Kiarabu jina ambalo kwetu sisi ni Watu wa Sinia Moja. Walianza tangu siku zao za mwanzo chuoni. Kila Ijumaa wanakula sinia moja. Anayejua hesabu anamfundisha asiyejua, anayeumwa haachwi peke yake, na mwenye furaha haifichi. Nilikuwa nikikisikia kicheko chao kutoka chumbani kwangu mwaka wote wa kwanza, nikijifanya kinanikera.

Khalfan akaniombea. Wakakubali nije, lakini walikuwa na sharti kwa mtu anayeingia baada ya mwaka wa kwanza. Lazima awapikie kwa mkono wake chakula cha kwao, awaambie yeye ni nani, kisha wote wakubaliane. Akikataa mmoja, basi.

Mtu mwengine angefurahi. Mimi nilihesabu hatari. Chakula cha kwetu ni wali wa nazi na mchuzi wa nguru, na nikipeleka hicho, nimejitangaza. Na mimi mwenyewe hata chai nilikuwa siijui kupika vizuri. Basi nikafanya kitendo ambacho mpaka leo nikikisimulia nashika kichwa. Nilikwenda Matrah kwa mpishi mmoja wa shughuli, mle kwenye vichochoro nyuma ya soko, akanipikia kabuli ya mbuzi, wali unaopikwa pamoja na nyama. Kabuli ya haki, mwanangu, zabibu, mdalasini, nyama inayoachana na mfupa wenyewe. Nikaitia kwenye teksi na sufuria lake, nikafika dahalia natoka jasho kama mtu aliyeshinda mekoni.

Hapo ndipo palipo ile harufu niliyokwambia. Nikawaambia nimeamka alfajiri nikapika, na ndivyo tunavyopika kwetu Maskati tangu enzi za mababu. Wakala. Wakasifu. Nami nikazidi kupanda, nikaanza kueleza zabibu unazitia wakati gani. Ndipo kijana mmoja, Saidi, mtoto wa Matrah, alipovuta lile sufuria ajiongeze. Akakishika kifuniko, akakigeuza, akakitazama kule juu ambako badala ya kishikio palikuwa pamefungwa waya.

"Nassor," akasema polepole, "huyu mbuzi umempikia wapi? Maana kifuniko hichi nilikivunja mimi, nna miaka saba, na ami yangu akanipiga kwa ajili yake."

Yule mpishi alikuwa ami yake. Matrah nzima ina wapishi wangapi, na mimi nikaenda kumchagua huyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata kwenye kizingiti. Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mimi sikujua pa kuyaweka macho yangu. Mkubwa wao, Masoud, kijana mtulivu tuliyekuwa tukimjua kuwa mtu wa mji wa Nizwa, mzaliwa wa huko huko, hakucheka. Alinisubiri ninawe mikono, akanisindikiza mpaka mlangoni. Akaniambia, "Ijumaa ijayo njoo tena. Ukitaka."

Nikaenda Azaiba kwa Bibi yangu, Bi Zuwena, mama yake baba. Nilitaka anionee huruma. Nikamweleza yote, na mimi ndiye mdhulumiwa wa hadithi. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, hakusimamisha mkono hata mara moja. Nilipomaliza, akasema, "Wangekukubali leo, wangekuwa wamemkubali nani?"



"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akaendelea, na nisamehe mwanangu, ndivyo alivyosema, Bibi hakuwa mtu wa kuzunguka. "Umekwenda kutafuta ndugu, kisha ukamwacha nyumbani mwenye kutafutiwa. Wewe una haya na nini? Na mimi? Na maziwa uliyonyonya?" Hapo sauti yake ikashuka kidogo, na hilo ndilo lililonichoma kuliko kicheko cha vijana kumi. Sikuwahi kufikiri kwamba kila nilipoikana Unguja, nilikuwa namkana yeye.

Kisha akainuka, akakung'uta kanga yake, akanionyesha pale alipokuwa amekaa. Akasema, "Huyo mbuzi wa Matrah ulimkodi, basi njoo umpande huyu wako."

Wiki ile nilijua nazi ni kitu gani. Vidole vilichubuka. Tui la kwanza nililimwaga nikidhani maji machafu. Bibi hakugusa kitu. Alikaa kwenye kiti na tasbihi yake, akisema ongeza, punguza, acha, wewe acha! Ijumaa asubuhi nikapika mwenyewe. Mchuzi ulikuwa mzuri, nasema bila ya kujisifu. Wali uliungua chini. Nikamwomba Bibi auokoe, akakataa katakata. Nipakue ulio mzuri, akasema, nipeleke kama ulivyo, na nikiulizwa niseme umeungua.

Nikasimama tena mbele ya wale vijana. Nikawaambia kwa Kiarabu changu mimi ni Nassor, nimezaliwa Unguja, nyumbani tunasema Kiswahili, Bibi yangu hajui kusema Kiarabu zaidi ya salamu na sala, na wali huu nimepika mimi na umeungua. Nikawaomba radhi kwa Ijumaa iliyopita. Na kwa ile hofu niliyokuwa nayo nikachanganya maneno, nikawaomba radhi wanaume kumi na mmoja kama wanavyoombwa wanawake. Wakacheka, bila shaka. Ajabu yake ni kwamba na mimi nilicheka. Nilijisikia nacheka, nikashangaa, kwani nilikuwa nimekisahau kicheko changu kina sauti gani.

Wakaanza kula. Kisha Masoud akainua uso, akaniangalia, akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka cha bara:

"Ukoko wake umeuacha wapi?"

Mkono wangu ulibaki hewani. Masoud wa Nizwa! Kumbe amezaliwa Tabora, amekuja huku mkubwa kuliko mimi nilivyokuja, na mwaka mzima amekaa na wenzake hao hajamwambia hata mmoja. Alisema ameuonja ule wali akamwona mama yake, basi ulimi ukamponyoka. Macho yalikuwa yamemjaa maji na huku anatabasamu. Khalfan akalalamika kwamba amelala, amekula na amesoma na watu wawili asiowajua, na kama kuna mwengine aliyejificha ajitokeze leo leo. Mimi na Masoud hatukumsikia. Tulikuwa tunazungumza kama maji yaliyofunguliwa, yeye ananicheka kwa kusema "mwengine," mimi namcheka kwa "shule" yake.

Masoud alipokumbuka kuwa yeye ni mkubwa wa kikao, akawasifia wenzake ukoko, ule wali unaoganda chini ya sufuria, kisha akawauliza kama yupo anayenikataa. Saidi akainua mkono.

"Mimi nakataa," akasema Saidi, "mpaka tuletewe huo ukoko wanaousifu."

Basi, mwanangu, ungeiona ile safari! Khalfan alikuwa na gari ya baba yake ya kubebea mizigo. Tukajipakia wote kumi na wawili, kanzu zinapepea, tukaishika barabara mpaka Azaiba. Bibi alifungua mlango akawakuta vijana wamejipanga kama wamekuja kuposa. Nikamwambia wamefuata ukoko. Alitutazama mmoja mmoja. Masoud akamwamkia, "Shikamoo Bibi," na Bibi akaishika mikono yake miwili asiiachie, akamuuliza mama yake nani na wapi kwao. Kisha akaenda jikoni akaukwangua ukoko kwenye sufuria, akaunyunyizia tui na sukari kidogo, akauleta kwenye sinia. Uliliwa mpaka sinia ikawa safi kama mpya. Saidi akasema hana tena pingamizi.

Tangu siku ile Bibi akawa na wajukuu kumi na mmoja wa ziada. Walikuwa wakija hata mimi nisipokuwepo, nikifika nawakuta wamekaa wanamenya vitunguu. Hesabu zilizonishinda Saidi ndiye aliyenifundisha. Mdogo wake Saidi, kama unavyojua, ndiye mke wangu, lakini hiyo hadithi ataisema yeye mwenyewe, mimi nikiisema hugombwa. Na mpaka leo kila mwezi tunakutana. Tumebaki tisa, magoti yanalia, wengine sukari imewakataza wali, na bado tunagombania ukoko.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe na wenzako mlio kwenye umri huo.

Kuchelewa kuingia si aibu. Wahenga walisema kawia ufike. Wale waliokutangulia mwaka mmoja hawakukutangulia maisha, na jamaa yenye kheri huongeza nafasi kwa kusogea tu kidogo. Usikae chumbani ukisikiliza kicheko cha wenzako ukajiambia hukitaki. Nimelifanya hilo, halina faida, ila utaugua siku nne watu wadhani umesafiri.

Lakini ukienda, nenda wewe. Usipeleke mtu mwengine kwa jina lako, hata awe mzuri kiasi gani, kwa sababu wakimpenda huyo, wewe utabaki vilevile peke yako, na juu yake una kazi ya kumlinda asijulikane. Peleka wali wako hata kama umeungua. Na anayekucheka usimkimbie mara moja. Wako wanaocheka kukutoa na wako wanaocheka kukuingiza, na ukikaa kidogo utawajua. Ukiwaona ni wale wanaokutaka uvue heshima yako mlangoni, au umdharau aliyekulea, au uifanye dini yako mzaha ili wakupe nafasi, rudi zako bila ya kuaga. Kula peke yako kuna kheri kuliko sinia hiyo.

Na siku utakapokuwa ndani, wewe ndiye mwenye kusogea, na mlangoni amesimama msichana wa mwaka wa pili hajui aweke wapi mikono yake, mpishe. Usimuulize mengi. Mwambie tu akikosea leo, Ijumaa ijayo aje tena.

Mwenyezi Mungu akufungulie kifua chako na ulimi wako, akukutanishe na watu watakaokujua na wakupende kwa unavyojulikana. Akujaalie elimu yenye manufaa, na usikose mtu wa kukubishia hodi ukiumwa wala wa kucheka naye ukipona. Nenda, mwanangu, na radhi zangu zote ziko na wewe. Amin.