Niliagiza friji mtandaoni likaja kabati la mvinyo, na ulanzi wa wakwe ukapona

Wakuu, salaam. Kosa kwenye kisa hiki ni langu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi naishi Iringa mjini, mama yuko Mafinga. Msimu huu wa ulanzi wazazi wa mchumba wangu walisema watatoka Tukuyu kuja kuona nyumbani kwetu. Jumamosi, mchana.

Baba mkwe ni mzee wa kanisa, pombe hagusi. Ila alikuwa amesikia sifa za ulanzi mtamu, akatuma salamu kwamba ataonja.

Kwa wasioujua: ulanzi ni maji ya mianzi michanga. Ukigemwa asubuhi ni mtamu kama juisi. Jioni umeshachacha, ni pombe kamili.

Sasa mgema wetu ni Msabato. Jumamosi hashiki kisu. Maana yake ulanzi wa Ijumaa uwasubiri wageni mpaka kesho yake, na mama hana friji.

"Baba, nikimlewesha mzee wa kanisa, huyo binti utabaki kumwona kwenye simu," mama akaniambia.

Nikaingia online. Nikaona kifriji cha mlango wa kioo, taa ya bluu, offer nzuri. Ndani kuna chupa zimelala. Nikadhani ni mapambo ya tangazo. Description sikusoma. Nika-order.

Alhamisi mzigo ukafika Mafinga. Kufungua: hakuna freezer, hakuna droo ya mboga. Ni vichanja vya mbao vyenye mawimbi, kila wimbi chupa moja. Wine cabinet!

Mama akagonga kichanja kwa kidole. Huyu kakulia kwenye viwanda vya mbao. "Mbao nzuri. Ila dumu langu linalala wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze.

Mama akachomoa vichanja vyote, akavipanga juu ya kabati la vyombo. Ijumaa asubuhi madumu mawili ya lita tano yakasimama ndani kama yamepimiwa. Tukashusha joto hadi mwisho, nyuzi tano. Vifuniko akavilegeza, kwa sababu ulanzi ukibanwa unapasua chombo.

Hilo mimi nalijua tangu utotoni. Lakini nilitaka ile picha ya kwenye tangazo. Nikajaza ulanzi kwenye chupa moja tupu ya mvinyo, nikaikaza kizibo, nikailaza juu ya madumu. Mama hakuniona.

Jumamosi wakwe wakafika na mchumba wangu. Salamu za kwetu na za kwao, kamwene huku, ugonile kule, vicheko. Chakula kikatengwa, baba mkwe akasimama kuomba. Sala ya Tukuyu haina haraka. Alikuwa anaombea safari za nyumba zote mbili, mara kwenye kabati:

PAAA!

"Amina," mzee akasema hapohapo. Kisha akafumbua macho. "Mzazi mwenzangu, kuna mtu anabisha hodi humo ndani?"

Mchumba wangu akaangalia sahani. Kizibo cha chupa yangu kilikuwa kimefyatuka, kioo chote cha kabati ni povu.

Mama akanitupia jicho moja tu. Kisha akatoa dumu, akamimina kikombe, akaonja yeye kwanza, akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee akanusa. Akanywa kidogo.

"Huu umegemwa leo?"

"Jana asubuhi, mzazi mwenzangu."

"Jana!" Akamgeukia mkewe. "Mama, onja hiki kitu." Halafu akanyoosha kikombe. "Niongezeeni. Na huyo aliyebisha hodi mfungulieni, naye ni mgeni."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Wakuu, nilichojifunza: soma description mpaka mwisho, omba vipimo vya ndani siyo vya nje tu, na picha ya tangazo iache kwenye tangazo.

Harusi ipo. Mama mkwe ameshanipigia anataka kabati kama lile kwa ajili ya maziwa yake ya mgando, "ila lisiwe la kupiga bunduki."

Nani mwingine aliagiza kitu kikaja kingine, kikawafaa kuliko mlichotaka? Nawasoma hapa chini.