Maji ya Udhu

Walisema sitavuka darasa la saba. Nimerudi Newala na stashahada yangu, nimejenga nyumba na tangi kwa jasho langu mwenyewe. Lakini tangi lilipojazwa mara ya kwanza, harufu ya saruji iliyolowa ilinirudisha kwenye birika la msikiti wetu, kiangazi kile mdogo wangu alipoharisha siku tatu.

Nyumbani hatukuwa na tone. Mama alichota ndoo moja birikani, mtunza msikiti akamzuia.

"Mama, haya ni wakfu wa udhu. Hayaendi nyumbani kwa mtu."

"Mtoto midomo imekauka, baba. Nitayarudisha."

"Wakfu haukopeshwi. Mwaga humo humo."

Mama aliyamwaga. Tukashuka mimi naye hadi kisimani bondeni, tukapanda na ndoo jua likiwa utosini. Bibi, aliyebaki naye nyumbani, alikuwa ameshamfumba mtoto macho. Maji yale yakamwosha.

Baada ya maziko, imamu alielezwa msikitini, mama na mimi tukiwepo. Akamgeukia mtunza msikiti.

"Sisi tukikosa maji ya udhu tunatayamamu kwa mchanga. Mtoto angekunywa mchanga?"

Mama alinishika mkono, tukaondoka.