Kuku wa sabuni yangu mu bureau ya Beni

Batu yangu, municheke kwanza, kisha munipigie makofi!

Munajua sabuni yangu yenye picha ya kuku imechongwa juu yake. Sababu bengine banaiiga, leo nimetoka Butembo nyuma ya convoi ya basoda benye kulinda barabara mupaka Beni, kuandikisha marque, ile alama yangu ya kuku.

Ku telefone, chef wa bureau alisema: «Mama, ulete marque yako mara tano.»

Mimi nikaleta sabuni tano. 😂

Chef akashangaa: «Mais mama, ni ku karatasi!»

Kurudi Butembo kuchapisha karatasi, na ile vita ku barabara? Nikakaa chini.

Chef akakamata sabuni moja, akaipaka wino ya cachet, ile muhuri yake, akaipiga ku karatasi.

Kuku! Mara tano!

Dossier yangu ya kuandikisha imeingia!! 🐔

Lakini vidole yake ilikuwa nyeusi tii. Akanawa na ileile sabuni. Wino yote ikatoka.

Akatazama mikono:

«Mama, sasa nimejua juu ya nini banakuiga.»