Chumba Kilichomeza Baraza

Fundi Levis alipima baraza la Hajarah kwa hatua zake kwanza, kisha kwa futi ya kamba, kisha akasimama akiitazama sakafu kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

"Mama Mubarak, hii sakafu imelala. Aliyejenga aliinamisha upande wa nje, maji ya mvua yatoke. Sasa ukiweka ukuta, chumba haitaki mteremko. Lazima najaza simenti huku mpaka inakuwa sawa."

"Jaza."

"Na hii dirisha ya sebule inatazama barazani. Tukifunga, sebule inakuwa giza mchana."

"Nitawasha taa."

"Mchana?"

"Levis, umeitwa kujenga au kuhubiri?"

Levis akacheka, akaandika vipimo vyake kwenye kipande cha katoni. Hakuuliza tena.

Nyumba hiyo iko Busia, upande wa Uganda, katika mtaa ulio nyuma ya soko, ambapo familia nyingi za Kiislamu zimekaa tangu babu zao walipofika na mizigo wakasahau kurudi. Hajarah hakuzaliwa hapo. Ni binti wa muuza vitambaa wa Tororo. Akiwa na miaka kumi na tisa aliolewa na Swaliki, kijana mwenye lori bovu na maneno mazuri. Lori lilibeba vitunguu, saruji, mahindi ya Kisoko, na chochote kilichokuwa upande mmoja wa mpaka kikatakiwa upande wa pili. Swaliki akiwa safarini, Hajarah aliketi barazani akimsubiri. Akirudi, waliketi wote wawili. Watoto wao, Mubarak na Sumayah, walijifunza kutambaa kwenye sakafu ile ile iliyolala, na kila kitu walichodondosha kilibingirika hadi mtaroni.

Baraza halikuwa na mlango, kwa hiyo halikuwa na hodi. Mwanamke mwenye furushi la nguo kichwani alipochoka, aliketi. Mvua ikimkuta muuza nyanya njiani, alipanda ngazi mbili akasimama chini ya bati, akasalimia, akaulizwa habari za kwao, na mvua ilipokatika akaenda zake. Hajarah hakuwajua nusu yao kwa majina. Aliwajua kwa vikohozi.

Swaliki alifariki karibu miaka minne iliyopita. Hajarah alikaa eda ndani, miezi minne na siku kumi, bila kuonana na mwanamume asiye ndugu yake. Siku iliyofuata kumalizika kwa eda, saa nane mchana, Mzee Oundo alipanda ngazi mbili akaketi barazani.

"Nimekuja kumsalimia Swaliki," akasema.

Oundo ni Msamia, Mkatoliki, mzaliwa wa Sikuda. Alikuwa tanboi, utingo wa lori la Swaliki, kwa miaka ishirini na miwili. Alifunga mizigo, aliweka magogo chini ya magurudumu kwenye miinuko, na siku lori lilipopinduka kule Merikit ni yeye aliyemvuta Swaliki kutoka kwenye usukani huku goti lake mwenyewe limevunjika. Alimwita Hajarah shemeji. Tangu siku ile akawa anakuja karibu kila mchana, anakunywa chai ya tangawizi, na wanabishana.

Walibishana juu ya Swaliki. Lori lilipinduka mwaka ambao Sumayah alianza shule au mwaka uliofuata? Swaliki alipenda samaki au alikula kwa kuogopa kumuudhi mke wake? Hajarah akisema hivi, Oundo anasema vile. Sumayah alikuwa amekwenda kufanya kazi Omani. Mubarak alikuwa akiendesha malori ya Juba na kuishi Gulu na mke wake. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu ambaye Hajarah aliweza kubishana naye kuhusu mume wake, na mtu huyo alikuja saa nane.

Wazo la chumba lilikuwa la Mubarak. Ni mwana mwema, na hilo liandikwe wazi. Alimpigia mama yake simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa alisema lile lile.

"Mama, hapo si kijijini. Unalala peke yako na mbele kuko wazi kwa dunia nzima. Mvua inakupiga, vumbi linakupiga. Nitafunga hapo, uwe na chumba cha kukaa mwaka mzima."

"Nimezoea, baba."

"Umezoea shida. Nitumie picha ya mbele ya nyumba."

Mji wetu umeshikwa na homa ya kuta. Anayepata fedha kidogo anaongeza tofali, anayepata nyingi anaongeza geti, na hakuna anayeuliza ukuta unamfungia nani nje. Tunaita hayo maendeleo. Hajarah alipotazama picha za madirisha ya vioo ambazo Mubarak alimtumia, aliona mtoto wake anamkumbuka, na mama gani anakataa kukumbukwa? Akakubali.

Levis alifanya kazi siku kumi na tisa. Alijaza simenti, akapandisha matofali, akafunga madirisha mawili makubwa ya vioo yenye vyuma na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya maziwa. Oundo hakuja siku hizo kwa sababu ya vumbi. Kazi ilipokwisha, sisi majirani tulipita wote kutazama. Tulisifu vigae. Sisi tuliosoma ndio tuliosifu zaidi. Mmoja wetu alisema sasa mama anaishi kama mtu. Hajarah akawasha taa ya sebuleni, ilikuwa saa tano asubuhi, akatuletea soda.

Siku iliyofuata, saa nane, sauti aliyoijua ilisema nje neno ambalo haikuwahi kulisema katika nyumba ile.

"Hodi."

"Karibu, shemeji. Mlango uko wazi."

"Naona. Ni mlango mzuri sana huo."

"Basi ingia."

"Nimefika hapa."

Oundo alisimama kwenye ngazi, kofia mkononi. Hajarah alifungua mlango hadi mwisho, akavuta mapazia yote mawili, akaweka kikombe mezani mahali kitakapoonekana kutoka barabarani. Oundo aliusifu mlango mara ya pili. Alisifu vioo. Kisha akasema goti linamsumbua, akaenda.

Hajarah alielewa kabla Oundo hajafika kona, na alipoelewa aliketi. Kwao Usamia, mwanamume haingii peke yake katika nyumba ya mjane wa rafiki yake. Akiingia akaketi, watu wanahesabu kwamba amekuja kumrithi. Na kwao Hajarah, mwanamke hakai ndani ya kuta nne na mwanamume asiye mahramu yake, hata awe mzee wa kuongozwa mkono. Kwa miaka mitatu mila hizo mbili zilikuwa zimekaa kimya kando yao, kwa kuwa baraza si nje wala si nyumba. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba ukuta ukisimama, baraza linakuwa nyumba. Levis aliwaza juu ya maji na mwanga. Mubarak aliwaza juu ya wezi. Hajarah aliwaza juu ya Mubarak.

Alijaribu kurekebisha. Alitoa kiti nje, kati ya ngazi na mtaro. Lakini nyumba inatazama magharibi, na kuanzia saa nane jua linateremkia usoni. Oundo aliketi akiwa amefumba macho, na bodaboda zikawapita karibu kiasi kwamba chai ilijaa mchanga. Siku nyingine Hajarah alikaa ndani na Oundo akasimama dirishani, wakazungumza kupitia vyuma.

"Kama nimekuja kukutembelea rumande," Oundo akasema.

"Nani kati yetu amefungwa?"

"Mwenye chai ndiye mfungwa. Mimi nina uhuru na goti bovu."

Walicheka. Lakini mtu mwenye goti lile hawezi kusimama kwa muda wa saa mbili. Ziara ikawa ya nusu saa, kisha ya salamu, kisha ikawa ya Jumatatu peke yake. Mwezi wa pili tangu ukuta usimame, ikakatika.

Wengine nao hawakupita. Hakuna muuza nyanya anayebisha hodi kwenye mlango wa chuma kwa sababu ya mvua. Vioo vile vilikuwa vya aina inayomwonyesha aliye nje sura yake mwenyewe. Wasichana walisimama mbele ya dirisha kurekebisha ushungi, wakajitabasamia, wakageuza shingo kutazama hereni. Hajarah alikuwa ameketi upande wa pili, hatua moja kutoka usoni mwao, na hawakujua. Mwanzoni alikohoa ili wajue kuna mtu. Baadaye akaacha, kwa sababu waliposhtuka walikimbia. Alinunua redio. Akagundua kwamba redio haibishani. Unaiambia imekosea, inaendelea.

Mwezi wa nne alivaa vizuri akaenda sokoni kwa Benedeta, mke wa Oundo, anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani. Alinunua vikombe viwili vya dagaa asivyovihitaji.

"Mume wako ni mzima?"

"Mzima wa nini? Anakaa nyumbani anagombana na kuku. Anawaambia lori ilipinduka mwaka gani. Mama Mubarak, chukua mtu wako, mimi nimechoka."

"Mlete, basi. Njooni wawili, muingie wote."

"Saa nane? Nani anauza hapa? Wewe?" Benedeta akageuza dagaa wake kwa kiganja. "Mimi sina wivu, nakwambia mbele ya hawa wote. Goti lile litarithi nini? Ni yeye. Anasema hatamharibia Swaliki jina akiwa kaburini. Nimemwambia, jina la Swaliki haliko kwenye kiti. Hataki kusikia."

Mama wa meza ya jirani akadakia kwamba wanaume wa siku hizi wanaingia hata bila kuvua viatu. Benedeta akamwambia auze chumvi yake.

Hajarah alirudi kwa miguu. Njiani hakuwaza kama Oundo ana haki. Wapo watakaosema mzee yule alitawaliwa na mila zilizopitwa na wakati, na kwamba angeingia tu, dunia isingeanguka. Niliwahi kusema hivyo kwa sauti kubwa. Lakini heshima ile ndiyo iliyomleta kila siku kwa miaka mitatu. Haiwezekani kuipenda inapopanda ngazi na kuidharau inaposimama mlangoni. Hajarah aliwaza jambo moja tu: nani atambomolea, na atamwambiaje mwanawe.

Ijumaa simu ilipoita, alimwambia.

"Unabomoa?" Mubarak akauliza.

"Ukuta wa mbele. Nabakiza kimo cha kukalia."

"Mama, nimekujengea kwa mapenzi."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakwambia kabla."

"Nimeendesha barabara ya Juba usiku kwa usiku kwa ajili ya hicho chumba. Sasa unakibomoa kwa sababu ya tanboi?"

"Huyo tanboi ndiye aliyemtoa baba yako kwenye lori."

"Na mimi je?"

Hajarah alitaka kumwambia kwamba chumba kimejaa mapenzi yake na hakuna mtu ndani. Alipokuwa akitafuta maneno ambayo yasingeumiza, simu ikakatika.

Levis alikuja Jumatatu na nyundo.

"Kujenga naitwa, kubomoa naitwa," akasema. "Safari hii sihubiri."

Alitoa vioo kwa uangalifu, akavifunga kwa blanketi, akaviegemeza chumbani kwa Hajarah, kwani fundi huona aibu kuvunja kitu kizima. Mlango wa chuma ukafuata. Ukuta wa mbele aliushusha hadi magotini, akausawazisha juu kwa simenti ili mtu aketi bila kuchomwa. Sakafu haikurudishiwa mteremko wake. Mvua ikinyesha sasa maji yatakaa mpaka Hajarah ayafagie. Sebule ilipata mwanga, na katika mwanga huo Hajarah aliona vumbi la miezi mitano juu ya kabati.

Tulipita tena kutazama. Safari hii hakuna aliyesifu. Mmoja alimwuliza kama fedha ziliisha. Hajarah akajibu kwamba ndiyo, ziliisha, maana jibu hilo ni fupi.

Oundo alikuja Alhamisi ya wiki ya tatu. Alipanda ngazi mbili, akaketi juu ya ukuta uliobaki, akanyoosha mguu. Hakusema hodi. Hajarah alikwenda kuleta chai.

"Lilipinduka mwaka uliofuata," Oundo akasema Hajarah aliporudi. "Sumayah alikuwa darasa la pili."

"La kwanza, shemeji. Nilimbeba mwenyewe kumpeleka, na mkono wa baba yake ulikuwa bado kwenye plasta."

"Mguu."

"Mkono. Nilikuwa namlisha."

"Alikudanganya. Mkono ulipona mapema, alipenda kulishwa."

Hajarah alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Hilo hakuwahi kulijua. Alikaa nalo, akiligeuza, mume wake mwenye mkono mzima akifungua mdomo.

"Mubarak amekupigia?" Oundo akauliza.

"Ijumaa hii itakuwa ya tatu bila simu."

"Atapiga."

"Usiseme kama unajua."

Oundo alitazama barabarani, ambako lori lilikuwa likirudi nyuma taratibu na kijana akilipiga bodi kwa kofi kumwongoza dereva.

"Basi sijui," akasema, akausogeza mguu wake kivulini.