Matumbawe Matatu ya Kitengela

Mke wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa pikapu. Mimi nilikaa kando yake nimekumbatia kikasha cha plastiki, kile cha kuwekea soda baridi tukienda harusi. Ndani yake mlikuwa na mifuko mitatu ya maji ya chumvi, na katika kila mfuko tumbawe moja hai, dogo kiasi cha kulifunika kwa kiganja. Nyuma yetu trei tupu za mayai ziligongana kila tulipopanda tuta.

"Polepole," nilimwambia.

"Nimebeba mayai kwa hii barabara miaka kumi na sijavunja trei," alijibu bila kunitazama. "Sasa mawe ndio nitavunja?"

"Si mawe. Ni wanyama."

"Sawa, Mwalimu. Wanyama."

Kila mtu Kitengela huniita Mwalimu, hata sasa nikiwa nimestaafu. Nilifundisha jiografia katika shule moja ya upili upande wa Isinya, na kila mwaka nilichora ubaoni miamba ya matumbawe, nikaeleza jinsi inavyojengwa na viumbe laini, wadogo mno, wanaojitengenezea nyumba za chokaa. Wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wa wafugaji na hawakuwa wameiona bahari. Sikuwahi kuwaambia kwamba mwalimu wao naye hakuwa ameona tumbawe hai hata moja. Basi nilipostaafu, wenzangu waliponunua ng'ombe na ploti, mimi nilinunua tangi la kioo, nikaliweka sebuleni mahali palipokuwa na kabati la vyombo.

Kwa miezi minane tangi hilo lilikaa na mawe, konokono na samaki wawili wa rangi ya chungwa, huku nikijifunza kutunza maji. Mke wangu aliniona nikichuja maji ya kisima mara tatu, kisha nikiyatia chumvi na kuyapima, akacheka hadi akakaa chini.

"Maji ya hapa iko na chumvi hadi chai inakataa," alisema. "Wewe unatoa chumvi halafu unarudisha chumvi!"

Nilimweleza kwamba chumvi ya kisima si chumvi ya bahari. Alitikisa kichwa na kurudi kwa kuku wake.

Matumbawe tuliyanunua kwa dada mmoja wa Nairobi ambaye huyakuza nyumbani kwake kwa kibali. Hukata kipande kutoka tumbawe kubwa, akakibandika kwenye kijiwe na kukilea hadi kikomae. Hakuna kinachong'olewa baharini, na hilo ndilo lilikuwa sharti langu la kwanza. Nilichagua matatu. Moja lilikuwa kundi la viduara vya kijani na chungwa, kama vifungo vya koti. La pili lilikuwa na umbo la uyoga. La tatu ndilo lililonishika roho: lilikuwa na vidole virefu vyenye ncha kama nyundo ndogo, vikipepea majini. Kwenye tangi la yule dada lilikuwa limefunguka lote. Ndani ya mfuko lilikuwa limejikunja hadi likabaki mfupa mweupe wenye ute wa kahawia.

Tulipofika nyumbani nilikipeleka kikasha moja kwa moja sebuleni. Niliiacha mifuko ielee tangini ili maji yake yapate joto sawa na ya tangi. Kisha nikayahamishia matumbawe kwenye ndoo safi na kuyadondoshea maji ya tangi kwa mpira mwembamba nilioufunga fundo, tone baada ya tone, kwa muda wa saa nzima.

"Si uweke tu?" mke wangu aliuliza.

"Yatashtuka."

Aliinama juu ya ndoo, akatazama tone likidondoka. "Ni kweli," alisema. "Hata vifaranga wakitoka safari siwamwagi tu kwa banda. Kwanza wazoee."

Kuanzia hapo hakuondoka. Baada ya ile saa nzima ilikuwa zamu ya kuyaosha kwa dawa ya rangi ya chai, ambayo huwatoa wadudu waliojificha. Yule dada alikuwa amenionya kwamba tumbawe la vifungo lina sumu, lisiguswe kwa mkono mtupu. Mke wangu akaleta glavu anazovaa akichanja kuku, jozi moja yangu na nyingine yake, pamoja na miwani ya plastiki. Nililitia tumbawe kwenye bakuli la dawa na kulitikisa taratibu. Sikuona kitu. Nilivua miwani yangu ya kusomea, nikaipangusa, nikaivaa tena chini ya ile ya plastiki. Bado sikuona kitu.

"Mwalimu," mke wangu alisema kwa sauti ya chini, "hicho kifungo kinatembea."

"Kipi?"

"Hicho cha pembeni. Angalia. Hicho!"

Nikakodoa macho. Katikati ya vifungo vya kijani vilivyojifunga kulikuwa na kimoja cha rangi ileile na upana uleule, lakini kilikuwa kikijivuta polepole kuelekea ukingoni. Alikuwa konokono asiye na gamba, mla matumbawe, ambaye hujifananisha na chakula chake. Nilikuwa nimesoma habari zake mara moja tu. Nilishtuka na kufurahi kwa pamoja, kama mtu aliyeona nyoka adimu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mke wangu alimtoa kwa kibanio cha nyusi. Kisha akageuza kijiwe na kuonyesha alama nyeupe iliyojizungusha, nyembamba kama uzi. "Na haya ni mayai yake," alisema. Miaka yake yote ya kutafuta utitiri chini ya mabawa ya kuku ilikuwa imemfanya awe na macho makali kuliko yangu na miwani yangu yote. Alichukua mswaki mpya, akayasugua mayai ndani ya maji mpaka yakaisha.

Nilimpigia simu yule dada. Alisikitika sana.

"Pole, Mwalimu! Nilikagua na sikumwona. Rudia dawa baada ya wiki moja, kwa sababu mayai hayauawi na dawa. Na nani amemwona? Hao ni wagumu sana kuonekana."

"Mke wangu. Anafuga kuku."

"Mwambie akichoka na kuku aje nimpe kazi."

Niliirudia sifa hiyo kwa sauti, na mke wangu akajifanya hajasikia, lakini alitabasamu akivua glavu.

Tuliyapanga matumbawe chini kabisa ya tangi, mbali na nguvu ya taa. Nilitaka kuwasha taa yote niyaone vizuri. Mke wangu akanikataza. "Wageni wamechoka," alisema. "Punguza taa, wacha kuwashikashika." Hivyo ndivyo yule dada pia alivyokuwa ameshauri: mwanga kidogo kwanza, kisha kuongeza kila baada ya siku chache.

Siku ya pili asubuhi, kabla sijanywa chai, vifungo vilifunguka. Kimoja, halafu vitatu, halafu kundi zima, kila kimoja na nyuzi zake ndogo pembeni na moyo wa rangi ya chungwa. Nilipiga kelele hadi mke wangu akaja mbio na ndoo ya chakula cha kuku mkononi, akidhani nimeanguka. Tulisimama pale bega kwa bega. Uyoga nao ulianza kujitanua siku hiyohiyo, ingawa kwa uvivu.

Nyundo haikufunguka. Siku ya tatu, hakuna. Siku ya nne, hakuna. Nilipima joto, nikapima chumvi, nikapima chokaa ya maji, yote yakawa sawa. Nilivuta kiti mbele ya tangi nikawa kama mtu anayemkeshea mgonjwa mchana kweupe.

Siku ya sita, Jumamosi ya baridi kali ya Julai, stima ilipotea saa tatu asubuhi. Pampu ilinyamaza, na sebule nzima ikawa kimya. Bila pampu maji hayazunguki na viumbe hukosa hewa. Bila kifaa cha kupasha joto maji hupoa, na siku hiyo upepo wa mbuga ulikuwa ukipenya hata chini ya mlango. Nilichukua jagi, nikawa nachota maji na kuyamwaga tena kutoka juu ili yabebe hewa. Mke wangu alilizungushia tangi shuka mbili nyekundu za Kimaasai, akachemsha maji, akayafunga kwenye chupa na kuziweka chupa hizo tangini kama anavyofanya kwenye kibanda cha vifaranga. Tulipokezana jagi. Saa ya kwanza tulicheka. Saa ya nne hakuna aliyecheka. Mabega yaliwaka moto, na kipima joto kilizidi kushuka polepole.

Hapo ndipo jirani yetu alipobisha mlango. Ni mfanyabiashara kutoka kaskazini mashariki, ana duka la maziwa ya ngamia mtaani kwetu, na kwa kuwa aliwahi kwenda Maka sote tunamwita Hajji. Alikuwa amepita kuchukua mayai ya kuuza dukani baada ya swala ya adhuhuri. Alitukuta tumelowa hadi viwiko, tunalimwagia maji tangi lililovaa shuka.

"Mwalimu, kuna nini? Kuna mtoto mgonjwa?"

"Ni matumbawe, Hajji. Stima imepotea."

Alisogea, akainua ncha ya shuka, akachungulia. Vifungo vilikuwa vimejifunga, lakini samaki wawili walikuwa wakimtazama. Alitazama kwa muda.

"Hii inatoka bahari?"

"Ndiyo. Ni wanyama. Wanakufa wakikosa hewa."

"Sasa mbona hukuniambia? Mimi niko na jenereta ya friji!"

"Na maziwa yako?"

"Friji ikifungwa vizuri, maziwa inakaa masaa. Wacha nilete." Alikuwa ameshafika getini. "Mama, ongeza hiyo maji ya moto!"

Alirudi akisukuma jenereta kwenye wilbaro, kanzu imekunjwa hadi magotini. Tuliiacha nje, mbali na dirisha, tukapitisha waya mrefu hadi sebuleni. Ilikohoa mara mbili, ikanguruma. Pampu ikaamka. Mke wangu aliangusha jagi na kupiga makofi kama mtoto, na Hajji akapiga naye.

Tulimpa chai, lakini hakukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kiti changu mbele ya tangi. Maji yalikuwa yamerudi kwenye joto lake, na taa ilikuwa imewaka ile ya kiasi. Mnamo saa kumi alisema, "Mwalimu, hiyo nyeupe inatoa kitu."

Nilipiga magoti. Kutoka kwenye mfupa wa nyundo zilikuwa zimechomoza ncha tatu za kijani, ndogo kama punje za mtama. Zilijaa maji taratibu, zikarefuka, zikafuatwa na nyingine, na katika muda wa birika moja la chai tumbawe zima lilikuwa limejimwaga nje, vidole vyote vikipepea mbele ya pampu.

"Mashallah," Hajji alisema. Alirudia tena na tena. Mke wangu alinishika bega kwa mkono uliolowa na hakuuondoa. Stima ilirudi baadaye tukiwa bado tumekaa pale, na hakuna aliyeinuka kuzima jenereta mpaka Hajji alipoyakumbuka maziwa yake. Hayakuwa yameharibika.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Wiki ya pili uyoga ulilegea, ukaanza kuoza, nikalazimika kuutoa upesi usichafue maji. Niliuzika chini ya mchongoma nyuma ya banda la kuku, na siku hiyo sikuwa na hamu ya kula. Lakini vifungo vilioshwa dawa mara mbili zaidi, na hatukuona tena kilichotembea. Vimeenea sasa hadi kwenye jiwe la kando yake.

Mwezi uliopita nilikuwa naoga niliposikia mke wangu akiita kutoka sebuleni. Siku hizi yeye ndiye anayeyalisha matumbawe, kwa bomba la sindano, akiyasemesha kwa Kikuyu.

"Mwalimu! Kuja haraka! Nyundo iko na midomo miwili!"

Nilitoka na taulo na povu masikioni. Alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo. Kichwa kimoja cha nyundo kilikuwa kimegawanyika katikati, na kila upande ulikuwa na mdomo wake, unafumba na kufumbua.

"Inazaa," alisema, macho yakimng'aa. "Pigia Hajji simu, mwambie alete familia yote."