Kompyuta ya Marehemu Haijawashwa

Juzi, kwa fundi kompyuta pale Levolosi, mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi aliweka laptopu mezani.

"Hii ilikuwa inaingia kwenye kompyuta ya mume wangu pale nyumbani, naona picha zetu. Sasa haiingii."

Fundi akabofya kidogo. "Hii haina shida, mama. Ile nyingine imewashwa?"

"Mwenyewe tumemzika kule Machame mwezi uliopita. Mashemeji wanasema vitu vyake havishikwi mpaka ukoo ukae."

"Pole sana, mama. Ukiiwasha tu, picha zinarudi."

Mama akaifunika laptopu kwa kanga, taratibu, kama anayefunika mtoto aliyelala.

Ukoo utakaa. Watagawana makoti na ng'ombe, kompyuta ataichukua mpwa fulani. Naye atazifuta picha zote, apate nafasi ya michezo.