Oili Mpya katika Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa kuukuu tangu siku alipolinunua, na alilinunua mwaka niliozaliwa mimi. Alikuwa karani wa reli hapo Voi, mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatumia chini ya boneti. Sisi watoto tulipata habari za injini kabla ya habari za bibi yetu kule Werugha. Gari lilikunywa oili bila aibu, na lisichokunywa lilikidondosha.

Matone hayo hayakuwa hasara. Mchwa wa kwetu walikula nguzo, fremu za milango, na safari moja kitabu changu cha hesabu, jambo ambalo sikulilalamikia. Kwa hiyo kila jioni mama aliweka beseni chini ya injini, na Jumamosi alichukua tambara akapaka nguzo za jiko na za banda la mbuzi. Majirani waliomba oili chafu gereji. Mama alikuwa na chemchemi yake nyumbani. Hakuna aliyeitangaza sheria hiyo, lakini wote tuliijua: kilichomo kwenye injini ni cha baba, kilichomo kwenye beseni ni cha mama.

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa mwalimu, nikachumbiwa na mwalimu mwenzangu, mtu wa Mboghoni, kule Taveta kwenye mifereji na migomba. Watu wa kwao walituma ujumbe kwamba baada ya ibada hapo Voi wangekuja kunichukua kwa pikapu mpya ya baba yake mdogo. Baba akajibu kwamba binti yake ataondoka Voi kwa gari la baba yake, na bwana arusi akitaka lifti atapewa. Sikuwahi kumsikia akitoa hotuba ndefu kuliko hiyo. Nililia, nusu kwa furaha na nusu kwa hofu, kwa sababu njia ya Taveta siku hizo ilikuwa mawe na vumbi, na gari lile lilikuwa halijafika hata Mwatate bila kupumzishwa tangu nikiwa sekondari.

Hapo akaja mjomba, kaka yake mama, baharia wa chumba cha injini, na kopo kubwa alilolinunua Ulaya.

"Shemeji, hii oili haikuchimbwa chini," akasema. "Imepikwa maabara. Kwa baridi haigandi, kwa joto haiungui. Lakini usiichanganye na ingine. Ukichanganya, umeua hiyo gari."

Baba akamwaga oili ya zamani, nyeusi na nzito kama uji wa wimbi, akamimina hiyo mpya iliyokuwa na rangi ya asali. Injini ikatulia. Moshi ukapungua. Alizunguka mji, akarudi akitabasamu, akatutangazia kwamba gari limeokoka. Mama alisema amina bila kuacha kuchambua mchicha.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Sili za injini, yaani mipira inayozuia oili isivuje, zilikuwa zimekauka siku nyingi, na kilichokuwa kimeziba nyufa zake ni uchafu wa miaka yote. Oili ya mjomba iliuosha uchafu wote vizuri sana, kisha ikatoka kupitia palepale. Beseni lililokuwa likipata vijiko viwili vitatu sasa lilijaa. Baba hakushtuka. Aliona oili ile bado ni safi, akaamua ataichuja na kuirudisha kwenye injini asubuhi ya arusi. Lilikuwa wazo zuri, na hakumwambia mtu.

Siku ya kuamkia arusi vijana walichimbia nguzo za kibanda cha wageni hapo uani. Zingeng'olewa baada ya sherehe, lakini mama hakuwa mtu wa kuacha nguzo mpya bila kinga. Baba aliporudi kutoka kanisani alikuta kibanda kizima kinang'aa, na shangazi yangu anasugua kitenge chake kwa sabuni.

"Mama watoto, hiyo oili umetoa wapi?"

"Kwani mimi hutoa wapi?"

 Kwa sheria ya nyumba yetu baba hakuwa na kesi. Kopo lilikuwa tupu na mjomba hakuwa na jingine. Nikamwambia kwa upole kwamba ile pikapu bado tunaweza kuikubali.

"Nitakupeleka mimi," akasema. Akaenda gereji, akarudi na oili ya kawaida ya lori, akaichanganya na ile iliyobaki kwenye injini.  Aliamini kabisa kwamba anaua.

Kesho yake, baada ya kanisa, mama alikaa mbele na mimi nikakaa nyuma na mume wangu, suti ya kijivu, kopo la oili ya lori mapajani. Nyuma yetu pikapu ilifuata tupu, ikisubiri tufe. Pale Mwatate baba alisimama.

"Bwana arusi, kazi."

Mume wangu alishuka, akamimina, akafuta mikono kwa leso. Pale Bura alifanya hivyo tena. Tulipofika Maktau alikuwa amekwisha kuacha kujifuta, na hapo ndipo nilipojua nimeolewa na mtu wa maana.  Njia nzima baba alikuwa anaisikiliza injini, nami nilikuwa namsikiliza yeye.

Tulifika. Vigelegele vikapigwa, wazee wa Mboghoni wakaja dirishani kumkaribisha. Baba hakuzima gari.

"Nikizima halitawaka tena," akawaambia. "Limechanganywa."

Walimsihi, wapi. Wakamletea wali pale pale, akala mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, huku mama akicheza kwa niaba ya wote wawili. Nilipokwenda kumuaga alitazama mbele, akasema, "Haya. Umefika." Kisha akampigia mama honi.

Niliumia. Nilimkasirikia kwa miaka mingi, kwamba alinifikisha mbali vile akashindwa kushuka hata kunishika mkono, kwa sababu ya oili. Sikumwambia, na yeye hakuuliza.

Tulipokwisha kumzika, mama ndiye aliyenieleza. Jioni ile, hata kabla hawajaiacha migomba ya Mboghoni, baba aliegesha kando ya njia, akazima injini mwenyewe, akalaza kichwa kwenye usukani. Alilia sana, mama akimshika mgongo. Kisha akafuta uso, akageuza ufunguo, na gari likawaka mara moja.